Mtande na Mshindio: Kuusifu Ufumaji wa Mkono

Mabibo, jijini Dar es Salaam, ambayo leo imo katika Manispaa ya Ubungo iliyomegwa kutoka Kinondoni, imepakana na historia ya nguo kwa pande mbili. Kando ya Barabara ya Morogoro kipo kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwaka 1968, ambacho kanga na vitenge vyake viliwavisha Watanzania kwa miongo kadhaa. Na kando ya Barabara ya Mandela lipo eneo maalumu la uwekezaji lenye jina la Benjamin William Mkapa, ambamo mafundi, wengi wao wanawake vijana, hushona nguo za kupelekwa Marekani. Anayeyaona majengo hayo huweza kudhani kwamba ustadi wa nguo uliletwa nchini na mashine, lakini ufumaji wa pamba kwa mkono ulikuwapo huku karne nyingi kabla ya mashine hizo, nao ulikuwa na elimu yake ambayo haikustahili kusahauliwa upesi kiasi hiki.

Ushahidi wa kale umo ardhini. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji wa magofu ya Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, alikuta vigurudumu vingi vya kusokotea uzi, ambavyo ni vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikachongwa duara na kutobolewa katikati ili vikitie uzito kijiti cha kusokotea kizunguke sawasawa. Kigae ambacho kingetupwa jalalani kilipewa kazi ya pili, na kazi hiyo ilimvisha mtu. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika kwamba Waislamu wa Sofala walizifumua nguo za buluu zilizotoka Cambay, India, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi mweupe wa pamba yao wenyewe. Habari hiyo inastahili kusomwa kwa makini, kwani inaonyesha mafundi ambao hawakuipokea bidhaa ya ng'ambo kama kitu kilichokwisha kukamilika, bali kama malighafi ya kutimizia ladha yao.

Bara nako ufundi huu ulistawi, hasa Unyamwezi na Ufipa, karibu na bonde la Ziwa Rukwa, ambako pamba ililimwa na kufumwa nguo nzito zilizosifiwa mbali. Kitanda cha mfumi, yaani chombo cha kufumia, kilikuwa na sehemu chache sana. Miti miwili ililazwa chini na kufungwa kwenye vigingi, na kati yake zikatandwa nyuzi za urefu, ambazo huitwa mtande. Ufito mmoja ulifungwa ili uinue nyuzi moja baada ya kuruka moja, na katika upenyo uliofunguka ukapitishwa uzi wa upana, ambao ndio mshindio, kisha ukagongwa kwa ubao mwembamba ulioundwa kama upanga hadi ukabana na mwenziwe. Mfumi alikaa chini na kuyarudia hayo siku baada ya siku, huku nguo ikirefuka kwa vidole tu.

Uchache huo wa vifaa umewafanya wengi wauone ufundi wenyewe kuwa mdogo, na hapo ndipo penye kosa. Chombo kinapokuwa na sehemu chache, hesabu zote hubaki kichwani mwa fundi. Mtande ukishatandwa, upana wa nguo umekwisha kuamuliwa, na mistari ya rangi inayokwenda kwa urefu imekwisha kupangwa. Hakuna namna ya kujirudi ila kukata na kupoteza uzi uliosokotwa kwa siku nyingi. Kwa hiyo mfumi alilazimika kumfikiria mvaaji kabla ya kuanza, awe ni mtu wa kujifunga kiunoni, au wa kujitanda mabegani, au mama wa kumbeba mtoto mgongoni. Nguo ilitoka kitandani ikiwa imetimia, haikuhitaji mkasi, na hapakuwa na kitambaa cha kutupwa.

Ufundi huu haukufifia kwa kukosa werevu. Tangu miaka ya 1830 meli za Salem, Massachusetts, zilishusha Zanzibar nguo nyeupe isiyotiwa rangi iliyopewa jina la merikani, nayo, pamoja na kaniki na nguo nyingine za India, ikasambaa bara kwa bei ambayo mfumi hakuiweza. Baadaye utawala wa Wajerumani, kuanzia mwaka 1902, uliwalazimisha watu wa pwani, Wilaya ya Dar es Salaam ikiwamo, kulima pamba katika mashamba ya pamoja ili isafirishwe. Na Julai 1905, kule Nandete katika Umatumbi, watu waliing'oa pamba hiyo na Vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 7 Agosti mwaka huohuo, mjini Calcutta, Wahindi walitangaza kuzisusia nguo za Uingereza, na siku hiyo ndiyo India ilichagua, tangu mwaka 2015, kuwa siku ya kitaifa ya ufumaji wa mkono. Wafumaji wa Kutch, mkoa wa India ambao nguo zake zimevaliwa katika pwani ya Waswahili kwa muda mrefu, bado wanafuma. Wa Ufipa hawakupata ulinzi wa namna hiyo, na jambo hilo ni la kusikitisha.

Hata hivyo, katika Uzaramo, nchi ambayo Mabibo ni sehemu yake, wanawake wangali wanasuka ukili, yaani utepe mrefu wa chane za ukindu au miyaa, zinazopishana juu na chini kama nyuzi zinavyopishana. Idadi ya chane huamua upana wa utepe, na msukaji hujua tangu mwanzo ni pima ngapi za ukili zitakazotosha mkeka anaoukusudia, kabla ya kuushona ukingo kwa ukingo. Kanga pia, ingawa huchapwa kwa mashine, imeihifadhi desturi ya kitanda cha mfumi: ina pindo pande zote nne na mji katikati, hupindwa kingo zake mbili zilizokatwa, kisha hufungwa mwilini ikiwa nzima.