Sauti na Neno

Wako wasemao kwamba mwimbaji wa opera hupimwa kwa ukubwa wa sauti yake. Mwanzo wa Dietrich Fischer-Dieskau, baritoni aliyezaliwa Berlin mwaka 1925, wakanusha rai hiyo. Akiwa mateka wa vita huko Italia, aliwaimbia mateka wenzake. Januari 1948 akaimba redioni nyimbo 24 za Winterreise ya Schubert, ambazo hazimsamehe mwenye kutafuna maneno. Mwaka ule ule, naye ana miaka 23, akapanda jukwaa la opera mjini Berlin kuwa Posa katika Don Carlos ya Verdi. Posa humsihi mfalme awahurumie watu wa Flanders. Na kusihi si kupiga kelele. Basi kilichomtayarisha si nguvu za koo, bali utiifu kwa neno.