Fundi wa Kuitafuta Sauti

Picha ya kanda ya zamani ya video imetokea kwenye kompyuta, safi. Bibi harusi anaingia, kina mama wanapiga vigelegele, na hakuna kinachosikika. Mwenye kanda husema mara moja kwamba kanda imekufa. Fundi anayeijua kazi yake haamui upesi hivyo. Kwanza huuliza kanda ni ya aina gani.

Swali hilo lina uzito. Kwenye VHS, iliyoanza kuuzwa na JVC mwaka 1976, picha na sauti hazilali mahali pamoja. Picha huandikwa kwa mistari ya mshazari na vichwa vinavyozunguka. Sauti ya kawaida hupewa ukanda mwembamba ukingoni mwa utepe, na husomwa na kichwa kingine kilichosimama. Kichwa hicho kikishika uchafu, picha haidhuriki ila sauti hufifia au hupotea kabisa. Tena, kwa mwendo wa kawaida, utepe wa mfumo wa video wa PAL hukipita kwa sentimita 2.3 hivi kwa sekunde, karibu nusu ya mwendo wa kaseti ya redio, ndiyo maana sauti zile husikika kama zimefunikwa shuka hata zikiwa nzima.

Baadaye ikaja VHS ya Hi-Fi, ambayo sauti yake huzikwa chini ya picha, ndani zaidi ya utepe. Deki nyingi za aina hii zina swichi ya kuchagua sauti isomwe wapi. Muziki au maelezo yaliyoongezwa baada ya kurekodi huwa ukingoni tu, kwa hiyo anayesikiliza upande wa Hi-Fi peke yake anaweza kuapa kwamba hayakuwahi kuwekwa.

Kanda ya kamera ya Video8, ya mwaka 1985, ni habari nyingine. Sauti yake ya kawaida husokotwa pamoja na picha na kusomwa na vichwa vilevile. Picha ikiwa safi huku sauti haipo, mshukiwa wa kwanza yuko nje ya kanda. Fundi huchomeka hedifoni kwenye kamera inayoichezesha. Akisikia watu wanaongea, ameshaondoa nusu ya mashaka bila kufungua skrubu hata moja.

Inabaki njia ya kwenda kwenye kompyuta, na hapa ndipo ujanja unapotakiwa. Waya wa njano ni wa picha, mweupe na mwekundu ni wa sauti. Hilo kila mtu analijua. Lakini kamera ndogo nyingi zina tundu moja linalopokea pini yenye sehemu nne, na watengenezaji hawakukubaliana mpangilio wake. Waya wa kamera nyingine huingia vizuri kabisa, kisha picha ikatokea kwenye plagi nyekundu! Waya wa S-Video nao husifiwa kwa picha nzuri, lakini haubebi sauti hata chembe. Na kamera yenye sauti ya mono hutoa waya mweupe tu, sikio la kulia likabaki tupu.

Kisha kuna kosa la kuchekesha. Kifaa cha kunasia video hujitambulisha kwa kompyuta kama vitu viwili, kimoja cha picha, kingine cha sauti. Programu ikiachwa ijichagulie, huweza kushika maikrofoni ya kompyuta, na harusi nzima ikahifadhiwa ikiwa na mlio wa feni na kikohozi cha fundi. Windows na macOS za miaka ya karibuni huihesabu sauti ya kifaa hicho kama ya maikrofoni: programu ikinyimwa ruhusa, huweza kurekodi ukimya bila kulalamika.

Basi fundi hunasa dakika moja, huifungua kwenye programu nyingine, husikiliza masikio yote mawili na kutazama kama midomo inaendana na maneno. Ndipo huirudisha kanda mwanzo. Kanda ya dakika 180 itachukua dakika 180, na wateja wanaonung'unikia bei kwa kawaida hawajauhesabu muda huo wa majaribio, uliopita kabla kanda haijaanza kunaswa.