"Aina hii ya faili haitambuliki": uhakiki wa sentensi moja

Leo sihakiki darubini wala kamera. Nahakiki sentensi moja ambayo mpiga picha yeyote wa anga amewahi kukutana nayo kwenye kompyuta: "Aina hii ya faili haitambuliki."

Kisa chenyewe ni hiki. Tulipiga picha 40 za nebula ya Carina, kila moja dakika 3. Tukazihamisha kwa flashi kutoka laptopu ya shambani kwenda kompyuta ya ofisini ili tuzirundike kuwa picha moja. Programu ikapokea 31, ikakataa 9, na sentensi ikawa ile ile. Tukaiamini. Siku mbili nzima tukahangaika kutafuta namna ya kubadili aina ya faili, huku laptopu ikingoja kufutwa ili ipate nafasi ya usiku mwingine.

Picha zetu zilikuwa za FITS, aina ya faili iliyotangazwa mwaka 1981 na ambayo wanaastronomia duniani kote wanaitumia hadi leo. Uzuri wake ni kwamba faili linajieleza lenyewe. Mwanzoni kuna maandishi ya kawaida, herufi 80 kwa kila mstari. Ukilifungua kwa programu ya maandishi (usilihifadhi tu, utaliharibu!) neno la kwanza ni SIMPLE, na mbele yake herufi T. Kisha BITPIX inakuambia kila pikseli ina biti ngapi, NAXIS1 na NAXIS2 upana na urefu wa picha.

Nikafungua moja kati ya yale 9. SIMPLE ipo, T ipo. Kumbe aina inatambulika vizuri tu! Nikapiga hesabu: pikseli 4656 mara 3520, kila moja baiti 2, ni baiti 32,778,240. Faili la FITS hujazwa kwa mafungu ya baiti 2880, kwa hiyo pamoja na maelezo ya mwanzo, mafaili yetu mazima yalikuwa na baiti 32,785,920. Hili lilikuwa na 20,971,520, na hata kwa 2880 haigawanyiki. Yaani lilikatika njiani. Mtu alichomoa flashi mapema.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Ili kulikataa faili lile, programu ilikuwa na namba zote nilizotumia mimi. Ingeweza kusema: "Nimetarajia baiti kadhaa, nimekuta pungufu. Nakili upya." Badala yake ikasema uongo wa kistaarabu. Mficha maradhi, kifo humuumbua; ila hapa programu ndiyo iliyoficha, na kifo kingetukuta sisi.

Kuna wakati sentensi hiyo ni ya kweli. Kampuni za kamera kila moja ina RAW yake, na kamera mpya huja na RAW ambayo programu ya zamani haijawahi kuiona. Hapo unasasisha programu, au unageuza picha kuwa DNG, ambayo maelezo yake Adobe iliyaweka wazi mwaka 2004. Lakini dawa ya ugonjwa huo haitibu faili lililokatika. Sentensi moja haiwezi kubeba magonjwa mawili.

FITS nayo si malaika. Majina yake yana herufi 8 tu, kwa hiyo programu moja inaandika EXPTIME, nyingine EXPOSURE. Namba za kuhakiki kama faili ni zima zipo, CHECKSUM na DATASUM, lakini ni hiari, na mafaili yetu hayakuwa nazo.

Mwisho wa kisa: tulirudi kwenye laptopu kabla haijafutwa, tukanakili upya, zote 40 zikafunguka. Kwa hiyo programu ikikukatalia, anza na ukubwa wa faili. Na usifute chanzo mpaka nakala ya mwisho ifunguke.