Tanuri la Juu ya Masafa: Uhakiki wa Istilahi za Jikoni

Katika kazi ya kukuza istilahi tumezoea kushughulikia zaidi lugha ya ofisi, mahakama, benki na darasa. Jikoni tumepaacha pajitengenezee maneno yake penyewe, kama kwamba anayepika hana haja ya istilahi sanifu. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba dhana hiyo ni potofu. Karani akikosea neno katika barua, barua hurudishwa ikaandikwa upya. Mpishi akipotoshwa na neno, huungua mkono, au huungua mtoto wake. Tutatumia mfano wa chombo kimoja ambacho tuliishi nacho, pamoja na kijitabu cha Kiswahili kilichoandikwa kueleza matumizi yake.

Chombo chenyewe tulikikuta Marekani, katika nyumba ya kupanga tuliyokaa kwa miaka miwili. Ni sanduku la chuma lenye mlango wa kioo, hufungwa ukutani juu ya jiko la umeme au la gesi, na kwa kawaida upana wake ni inchi 30, yaani kama sentimita 76, sawa na upana wa jiko lililo chini yake. Sanduku hilo hufanya kazi tatu. Kwanza, hupasha chakula kwa mawimbi ya sumaku-umeme. Pili, huoka kwa hewa iliyopashwa na waya za moto na kuzungushwa na feni. Tatu, huvuta moshi na mvuke unaopanda kutoka kwenye jiko la chini. Wapangaji wengi wa nyumba hizo walikuwa familia za kutoka mashariki ya Kongo, wasemaji wa Kiswahili waliopokewa huko kama wakimbizi. Kwa ajili yao kilitolewa kijitabu cha kurasa chache kwa Kiswahili. Aliyekitoa hatutamtaja, kwa kuwa nia yetu ni kusahihisha wala si kushitaki. Nia yake ilikuwa njema, na watu wengi zaidi wangefaa kuiga nia hiyo.

Tuanze na jina. Kijitabu kinakiita chombo hiki "tanuri la mawimbi mafupi la juu ya masafa". Katika jina hilo moja mna makosa mawili, na kila moja lina funzo lake.

Kosa la masafa ni la kuchekesha, lakini asili yake si ya kuchekesha. Neno la Kiingereza lililokuwamo katika matini ya awali lina maana nyingi. Kwa mpiga bunduki ni umbali unaofikiwa na risasi. Kwa fundi wa redio ni eneo linalofikiwa na matangazo. Kwa Mmarekani aliye jikoni ni jiko kubwa lenye mafiga manne juu na oveni chini. Mfasiri alifungua kamusi, akachukua maana ya kwanza, akaendelea na safari. Hakujiuliza sanduku la kupashia chakula linawezaje kukaa juu ya masafa. Tunawaambia wanafunzi wetu kila mwaka kwamba kamusi hutoa maneno, na maana hutolewa na muktadha. Hapa funzo hilo limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya jalada. Ilitosha kabisa kusema "la juu ya jiko".

Kosa la mawimbi mafupi ni zito zaidi, kwa sababu kila neno ndani yake ni Kiswahili fasaha. Ubaya ni kwamba nafasi hiyo ina mwenyewe. Msikilizaji yeyote wa redio katika Afrika Mashariki anajua mawimbi mafupi ni yapi: ni yale ya matangazo ya mbali, ambayo urefu wake ni kama mita 10 hadi 100. Mawimbi ya chombo tunachokizungumzia yana masafa ya megahezi 2,450, na urefu wake ni kama sentimita 12 tu. Kuyaita mafupi si uongo, lakini ni kuyavika jina la jirani. Istilahi moja haifai kubeba dhana mbili katika uwanja mmoja, na hii ni kanuni ya awali kabisa katika kazi yetu. Kwa fizikia tunapendekeza "mawimbi mikro". Kwa chombo chenyewe, wananchi wa Dar es Salaam na Nairobi wameshasema "mikrowevu", wengine "maikrowevu", na neno hilo limekwisha kuvaa irabu ya mwisho na kuingia katika sentensi bila taabu. Hatuoni sababu ya kulinyang'anya uraia.

Wako watakaosema kwamba tunapokea neno la kigeni kwa uvivu. Tuwakumbushe kwamba hata wenye chombo hawakupata jina lake siku moja. Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon, aligundua mwaka 1945 kwamba mawimbi ya mitambo ya rada huweza kupika chakula. Mashine za kwanza zilizouzwa kuanzia mwaka 1947 zilikuwa na kimo cha mtu mzima na uzito wa zaidi ya kilo 300, na jina lake la biashara lilikuwa Radarange, yaani jiko la rada. Mashine ndogo ya kuweka mezani kwa ajili ya nyumba za kawaida ilitoka mwaka 1967, nayo ikaendelea kubeba jina hilo hilo. Jina la leo lilishinda baadaye, kwa kutumiwa na watu.

Sasa tuje kwenye kiini cha malalamiko yetu. Kijitabu kinatumia kitenzi kimoja, "kupika", kwa kazi zote mbili za ndani ya sanduku, na nomino moja, "chombo", kwa kila kitu kinachoingizwa humo. Kiswahili hakina umaskini wa namna hiyo. Tuna kuchemsha, kutokosa, kuoka, kubanika, kuchoma, kukaanga, kuvumbika na kupasha. Mpishi wa pwani anayepalia wali makaa juu ya kifuniko anajua tofauti ya moto wa chini na moto wa juu, na ana neno la tendo hilo. Mfasiri alikuwa na ghala lililojaa, akatoka na punje moja.

Madhara yake ni haya. Mawimbi mikro hupenya sentimita chache ndani ya chakula na kuzisukasuka molekuli za maji yaliyomo. Chakula hupata moto chenyewe, na kuta za sanduku hazipati moto wa maana. Katika kazi hiyo sufuria au karatasi ya bati ni hatari, kwa kuwa chuma huyarudisha mawimbi na huweza kutoa cheche. Bakuli la plastiki linalofaa kwa mikrowevu halina neno. Katika kazi ya pili, ile ya hewa ya moto, mambo hugeuka. Sinia ya chuma ndiyo inayotakiwa, na plastiki huyeyuka. Kanuni mbili zinazopingana zinaishi ndani ya mlango mmoja. Kijitabu kinasema ukurasa wa tatu kwamba chombo cha chuma hakiruhusiwi "wakati wa kupika", na ukurasa wa tano kwamba chombo cha chuma kinafaa "wakati wa kupika". Msomaji amwamini nani?

Sisi wenyewe, tunaojihesabu kuwa watu wa lugha, tulinaswa. Jioni moja tulioka mkate kwa hewa ya moto, tukautoa, kisha tukaingiza bakuli la plastiki lenye mchuzi wa jana ili tuupashe kwa mawimbi. Kijitabu kilikuwa kimesema bakuli la namna hiyo ni salama. Hakikusema kwamba baada ya kuoka, kuta na sahani ya ndani hubaki na moto mkali kwa muda. Bakuli lilishika sahani, likalegea upande mmoja, na mchuzi ukamwagika. Hasara ilikuwa ndogo. Lakini tulijiuliza ingekuwaje kama aliyenyoosha mkono kulitoa angekuwa mtoto.

Dawa yake ni vitenzi viwili visivyoingiliana. Kwa kazi ya mawimbi tuseme daima "kupasha". Kwa kazi ya hewa ya moto tuseme daima "kuoka". Tunajua kwamba mawimbi huweza pia kuivisha chakula kibichi, na kwa hiyo "kupasha" si neno kamili kwa mizani ya mwanasayansi. Lakini katika maelezo ya matumizi, neno linalomtenganisha mtu na hatari lina haki ya kutangulia mbele ya neno linaloridhisha mizani. Kwa kitufe cha kazi ya pili, kijitabu kimeandika "myuko". Neno hilo tunaliheshimu, ni la fizikia, na mahali pake ni darasani. Aliyesimama mbele ya kitufe hataki kujua joto husafiri kwa kanuni gani. Anataka kujua atapata nini akikibonyeza. Aandikiwe "Oka kwa hewa moto".

Mfano mwingine ni ule wa "muda wa kusimama". Chakula kikitoka katika mawimbi, joto huendelea kusambaa ndani yake, na inafaa kiachwe dakika moja au mbili kabla ya kuliwa. Kiingereza husema kwamba chakula kinasimama. Kijitabu kikaandika: simama dakika mbili. Mama mmoja jirani yetu, mtu mzima aliyelea watoto sita, alitujia na karatasi mkononi akasema, "Mwalimu, karatasi inasema nisimame. Nisimame wapi?" Tulicheka pamoja naye, kisha tukaona aibu. Yeye hakukosea hata kidogo. Alikisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa. Kwa Kiswahili chakula hutulia. "Kiache kitulie dakika mbili" haina utata wowote.

Kosa hilo lina ndugu yake asiyechekesha. Kuhusu maziwa ya mtoto, kijitabu kinaagiza chupa "iguswe" baada ya kupashwa. Mawimbi hayapashi kwa usawa: chupa huweza kuwa vuguvugu kwa nje huku maziwa ya katikati yakiwa ya kuunguza. Anayeigusa chupa anadanganywa na chupa. Ilipasa kuandikwa kwamba ni heri maziwa ya mtoto yasipashwe kwa mawimbi kabisa, bali chupa iwekwe katika bakuli la maji ya moto, kisha maziwa yatikiswe na tone lidondoshwe kwenye kifundo cha mkono. Sentensi hiyo haihitaji istilahi mpya hata moja. Inahitaji mfasiri anayemwona mtoto nyuma ya maneno.

Juu ya neno "mionzi" tutasema kwa ufupi. Kijitabu kinaonya juu ya "mionzi hatari", na baadhi ya majirani wakaelewa kwamba chakula hubaki na sumu, kama ile inayosemwa juu ya mabomu ya nyuklia. Si hivyo. Mawimbi hukoma mara chombo kinapozimika, na hayaachi kitu katika chakula. Kinacholindwa ni mlango: tangu mwaka 1971 sheria ya Marekani imeweka kikomo cha uvujaji wa miliwati 5 kwa kila sentimita mraba, kikipimwa sentimita 5 kutoka kwenye chombo. Onyo lenye manufaa ni kwamba chombo chenye mlango uliopinda au uliovunjika kisitumiwe. Neno "mawimbi" lingetosha, na lisingewatia watu hofu isiyo na msingi.

Kuhusu kuvuta moshi, kijitabu kinaita kila kinachozunguka "feni" na kila kinachochuja "kichujio". Feni ni mbili: moja huzungusha hewa ya kuokea, nyingine huvuta moshi. Vichujio navyo ni viwili: cha wavu wa chuma, kinachonasa mafuta na kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni, na cha mkaa, kinachopunguza harufu pale moshi usipotolewa nje, ambacho hakioshwi bali hubadilishwa. Aliyesoma "osha vichujio" akaosha vyote viwili, aliharibu cha pili. Tunapendekeza "feni ya kuokea" na "feni ya moshi", "wavu wa mafuta" na "kichujio cha mkaa".

Haki itendeke: kijitabu kina sehemu nzuri. Agizo la kutoboa kiazi kwa uma kabla ya kukiingiza, na katazo la kuweka yai lenye ganda, yameandikwa kwa Kiswahili safi ambacho bibi yeyote angekielewa. Tulichunguza kwa nini sehemu hizo zimefaulu, tukaona kwamba humo mfasiri alikuwa akifikiria kiazi na yai, vitu anavyovijua. Penye mashine alifikiria maneno tu.

Kwa hiyo ombi letu kwa wafasiri ni moja: maelezo ya chombo yasifasiriwe na mtu ambaye hajakitumia chombo hicho, na yasichapishwe kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya mpishi mmoja. Walimu wanaweza kufanya zoezi hilo darasani kwa kijikaratasi chochote cha dawa, mbolea au jiko. Wasomaji walio na maneno bora kuliko haya tuliyopendekeza wayalete, hasa wale wa Kongo, ambao jikoni mwao mna msamiati ambao bado hatujaukusanya.