Sifa ya Fundi Asiyebahatisha

Gari lenye turbo linaweza kumdanganya hata mwenyewe aliyeishi nalo miaka. Likiwa limeegeshwa, injini inanguruma kwa utulivu. Mjini, kwenye foleni, halina neno. Ngoja sasa ulitoe Dar es Salaam kwenda Iringa, upite Ruaha Mbuyuni, uanze kuupanda Kitonga. Mbele yako lori linajikongoja na mzigo wake, nafasi ya kulipita imepatikana, unakanyaga mafuta mpaka chini. Hapo ndipo gari linaposhtuka na kukatakata, na taa ya injini ikaanza kuwaka na kuzima kwenye dashibodi. Ukiachia mafuta, linatulia tena, zima kabisa.

Linamisi, watakwambia gereji. Na hapo mafundi hugawanyika. Yupo atakayesema papo hapo: lete koili nne, plagi nne na pampu ya mafuta, tutaona. Yupo mwingine atakayenyamaza kwanza, kisha aanze kuuliza. Linamisi likiwa baridi au likishapata moto? Likiwa gia ya ngapi? Ulijaza mafuta lini, na kituo gani? Huyu wa pili ndiye ninayetaka kumsifu. Kazi yake ni miongoni mwa kazi za akili safi kabisa zinazofanywa kwa mikono, na heshima tunayompa haitoshi.

Ugumu wa maradhi haya ni kwamba yanajificha kwenye raha na kujitokeza kwenye uzito. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inatakiwa kuwaka mara 25 kwa sekunde. Turbo inatumia moshi wa ekzosi kuzungusha feni inayoshindilia hewa ndani. Ikiongeza presha ya bar 1, hewa inayoingia inakuwa na presha karibu mara mbili ya hewa ya nje. Nguvu yote tunayoipenda inatoka hapo, na mtihani wa cheche unaanzia hapo hapo. Kadiri hewa inavyobanwa, ndivyo umeme mkubwa zaidi unavyohitajika kuvuka uwazi ule mdogo kwenye ncha ya plagi, ambao kwa injini nyingi za turbo ni kama milimita 0.7 au 0.8. Plagi ikilika uwazi ukatanuka, au koili ikachoka, umeme uliopo unatosha gari likiwa limesimama. Mlimani hautoshi.

Mafuta nayo yana mtihani wake. Katika mifumo mingi yenye paipu ya kurudisha mafuta kwenye tangi, presha ya mafuta hupangwa ipande sambamba na ya hewa: ikiwa ni bar 3 kabla turbo haijasukuma, turbo ikiongeza bar 1 nayo ifike 4, ili nozeli ziendelee kunyunyiza kwa kipimo kilekile. Pampu iliyochoka itafika 3 bila shida, ile 4 ndiyo itakayoishinda. Hewa pia hutoroka. Mpira unaounganisha turbo na intakula ukiwa na ufa, ufa huo hujifunga gari likitulia na hufunguka presha ikija. Sensa imekwisha kuihesabu hewa ile, kompyuta imekwisha kuipimia mafuta yake, kumbe hewa imeponyokea njiani. Mafuta yanazidi, moshi mweusi unatoka nyuma, gari linamisi.

Sababu tatu, na dereva anazisikia zote kwa mtikisiko uleule. Kompyuta inasaidia, lakini inafaa kujua inasaidia mpaka wapi. Yenyewe inasoma mwendo wa kranki. Kila silinda inapowaka huisukuma kranki kidogo, na msukumo mmoja ukikosekana, mwendo hupungua kwa kiasi ambacho sikio halikipati ila sensa inakiona. Hapo inaandika P0303, kwamba silinda ya tatu imekosa kuwaka, au P0300, kwamba zinakosa bila mpangilio. Fundi mwenye haraka akisoma P0303 anaagiza koili. Fundi wangu anajua kwamba namba hiyo imetaja mahali, haijataja sababu.

Kwa hiyo anahamisha. Koili ya silinda ya tatu anaipeleka ya kwanza, ya kwanza anaileta ya tatu, anafuta kumbukumbu ya kompyuta, kisha anaomba waende mlimani, penye uzito uleule uliolisumbua gari. Kosa likihamia silinda ya kwanza, ikasomeka P0301, koili imejitaja yenyewe. Likibaki palepale, koili haina hatia, na zamu ni ya plagi, kisha nozeli, kisha kupima kompresheni. Anabadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akihamisha koili na plagi kwa pamoja, atapata jibu asilojua ni la nani. Na safari hizi za majaribio huzifanya fupi, maana taa ikishawaka na kuzima, petroli isiyoungua silindani inakwenda kuungulia kwenye katalisti na inaweza kuiua.

Tazama anavyoifikia plagi. Kwenye Subaru Forester yenye turbo, silinda zimelala mbili huku, mbili kule, na plagi zimetazama ubavu wa gari. Betri inatolewa, boksi la filta ya hewa linatolewa, na bado mkono unaingia pasipo jicho. Koili ikichomoka, anaitazama ncha yake kwanza: ikiwa imeloa oili, anajua sili ya tundu la plagi imezeeka na oili imeingia isikotakiwa. Kisha plagi inatoka. Anaifuta kwa kitambaa, anaigeuza polepole kwenye mwanga. Kaure ya rangi ya kahawia hafifu ni habari njema. Ikiwa nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Siku nyingine anakuta juu ya kaure nyeupe ufito mwembamba mweusi, mfano wa mstari wa penseli, unaoshuka mpaka kwenye chuma. Ndipo umeme ulipokuwa unapita, kila ulipokuta hewa ndani ya silinda imebanwa kupita uwezo wake. Mstari ule hautaonekana na anayetupa plagi za zamani kwenye ndoo bila kuzitazama, naye atafunga plagi mpya bila kugusa sili wala koili, na gari litarudi.

Ninachokisifu zaidi ni kile ambacho fundi huyu hakigusi. Pampu nzima anaiacha mahali pake kwa sababu aliipima presha ikiwa na mzigo. Turbo anaiacha kwa sababu aliupaka mpira maji ya sabuni, akajaza upepo kwenye mfumo injini ikiwa imezimwa, akaona povu likichemka penye ufa. Kila kifaa kizima anachokiacha ni fedha ya mtu mwingine aliyoilinda wakati mwenye fedha hayupo na hana ujuzi wa kumkagua. Huo ni uaminifu wenye vipimo.

Nasi wateja tuna sehemu yetu. Tunalipa spea bila kubisha kwa sababu tunaishika mkononi, halafu saa mbili za kupima tunataka tupewe bure, kwa kuwa "hajabadilisha kitu". Kwa mtindo huo tunawafundisha mafundi kwamba kubahatisha kunalipa na kufikiri ni hasara. Basi ulizia bei ya kupima kabla ya bei ya spea, na uilipe yote hata kama kilichopatikana ni mpira wenye ufa. Kijana aliyesimama kando akijifunza anatazama kazi ipi inalipwa, na kazi hiyo ndiyo atakayoichukua.