Lebo Zinazohukumu: Tahakiki ya Metadata na Tendi za Enanga za Bukoba na Muleba

Utangulizi

Makala haya yanahakiki namna lebo za metadata zinavyoieleza fasihi simulizi ya Wahaya inapoingizwa katika hifadhi za mtandaoni. Mfano unaotumika ni tendi za enanga za Bukoba na Muleba, zikiwemo Mugasha, Kachwenyanja na Rukiza, ambazo manju huzighani huku akijipigia chombo hicho cha nyuzi. Hoja inayotetewa ni kwamba lebo ya maelezo haitenganiki kirahisi na lebo ya tathmini: kuipa kazi jina la utanzu ni kuipa pia daraja.

Utanzu

Ushahidi wa hoja hii unatangulia intaneti. Mwaka 1970, Ruth Finnegan alitilia shaka kuwapo kwa utendi kama utanzu ulioenea barani Afrika. Mwaka 1983, M. M. Mulokozi aliwachunguza manju wa enanga kwa swali la iwapo wao ni wasanii wa tendi, na akajenga hoja kuwa ndio. Mjadala huo haukuhusu jina tu. Kazi inayoitwa utendi husomwa sambamba na tendi za Ugiriki, ilhali ileile ikiitwa wimbo wa jadi huwekwa kando ya ngoma na burudani. Leo uamuzi huo hufanywa kwa kuchagua neno moja katika orodha, na anayechagua halazimiki kutoa hoja.

Mtunzi, mahali na lugha

Kiwango cha Dublin Core, kilichoanzia kwenye warsha ya mwaka 1995 huko Ohio, Marekani, kina vipengele 15 vya msingi. Kwa Mulokozi (1996), fasihi simulizi ni tukio linalotegemea fanani, hadhira, fani, mahali na wakati. Katika vipengele 15, mtunzi ana nafasi yake, hadhira haina. Matokeo yake, ni rahisi mtafiti aliyebeba kinasa sauti aandikwe kuwa mtunzi, na manju abaki ndani ya maelezo.

Mahali nako kuna utata. Mkoa wa Kagera uliitwa Ziwa Magharibi hadi baada ya vita vya 1978–1979, na tungo nyingi zinajitambulisha kwa himaya za kale kama Kiziba na Ihangiro. Anayetafuta “Muleba” hataiona rekodi iliyoandikwa “Ihangiro”, ingawa sehemu kubwa ya himaya hiyo imo katika wilaya hiyo. Kuhusu lugha, Kihaya kina msimbo wa herufi tatu, hay, lakini hakina wa herufi mbili kama sw ya Kiswahili. Mfumo unaokubali herufi mbili pekee hukifanya Kihaya kuwa “lugha nyingine”.

Udhaifu u wapi?

Si haki kuubebesha mfumo lawama zote. Katika Dublin Core kila kipengele ni cha hiari na kinaweza kurudiwa; hakuna kinachozuia kuandika watunzi wawili, au Muleba pamoja na Ihangiro. Kasoro kubwa ni kwamba rekodi haimtaji aliyeamua. Hapa PICS, mfumo wa lebo za kupimia maudhui ulioidhinishwa na W3C mwaka 1996, unatoa funzo lisilotarajiwa. Ulilaumiwa kwa kurahisisha udhibiti, lakini kila lebo yake ilionyesha huduma iliyotoa kipimo. Hukumu ilikuwa na mwenyewe, hivyo iliweza kupingwa.

Hitimisho

Rekodi ya utendi wa enanga inapaswa kumtaja manju kwanza na mkusanyaji baadaye, kurudia mahali kwa jina la kale na la sasa, na kueleza nani aliuainisha utanzu na kwa kigezo gani. Lebo za Maarifa ya Jadi za Local Contexts zinaonyesha kuwa jamii yenyewe inaweza kuongeza kauli yake kwenye rekodi. Bila hatua hizo, swali lililojibiwa kwa hoja mwaka 1983 litaendelea kujibiwa kimyakimya na orodha ya maneno.