Kanisa la Saba Lilisikia Nini? Fani ya Barua za Ufunuo

Mahubiri mengi juu ya kanisa la Laodikia huanza na kuishia kwenye neno moja: vuguvugu. Mhubiri husoma aya mbili tatu za Ufunuo sura ya tatu, huwataja Wakristo waliopoa, kisha humnyooshea kidole jirani wa dhehebu jingine. Onyo lililoandikwa liwachome wanaolisikia huishia kuwastarehesha. Naamini kosa hilo linatokana na kuikata barua ya saba kutoka kwa sita zilizoitangulia. Barua hizi zilitungwa zisikilizwe pamoja, na fani yake imebeba sehemu kubwa ya maudhui.

Tuanze na muundo. Yohana, akiwa kisiwani Patmo, anaamriwa ayaandikie makanisa saba ya jimbo la Asia, magharibi mwa Uturuki ya leo: Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia. Mpangilio ni ule ule. Kanisa linatajwa, Kristo anajitambulisha kwa sifa ambazo nyingi zimetoka katika maono ya sura ya kwanza, anasema anajua, anasifu, anakemea, anawaita watu watubu, anamwahidi tuzo atakayeshinda na kumtaka mwenye sikio asikie. Mwanzoni mwa kitabu anabarikiwa mtu mmoja anayesoma na watu wengi wanaosikiliza. Kwa hiyo takriri hii ililenga masikio ya kusanyiko. Baada ya barua tatu nne, msikilizaji amekwisha kuujua mpangilio na anangoja hatua inayofuata.

Hapo ndipo nguvu ya mtunzi ilipo, kwa sababu kila mpangilio unapovunjwa, sikio linashtuka. Smirna na Filadelfia hazikemewi. La kwanza ni kanisa maskini linalosubiri gereza, la pili lina nguvu kidogo tu. Msikilizaji anangoja lawama, na lawama haiji. Laodikia inapata kinyume chake. Yanasemwa yale yale ya kujua matendo, lakini mahali pa sifa panafuata shutuma. Mfikirie mshirika wa Laodikia aliyekuwa amekaa akisikiliza Efeso ikilaumiwa kwa kuuacha upendo wake wa kwanza, huenda akitikisa kichwa kwa masikitiko. Akasikia Sardi ikiambiwa kwamba ina jina la kuwa hai kumbe imekufa, na bado hata Sardi ikahesabiwa watu wachache ambao hawakuyachafua mavazi yao. Ilipofika zamu ya kanisa lake, hakutajwa hata mmoja. Ukimya huo unakemea kabla shutuma yenyewe haijatamkwa.

Kila barua inaongea na kanisa moja, lakini wito wa kusikia unahusu yale ambayo Roho anayaambia makanisa yote. Ndiyo maana barua zinajibizana. Efeso imewapima mitume wa uongo na kuwafichua, lakini upendo umepungua na inaagizwa irudie matendo ya mwanzo. Thiatira imezidi katika upendo, na matendo yake ya mwisho yanapita ya mwanzo, lakini inamvumilia mwalimu anayewapotosha watu. Kila moja ina kile ambacho mwenzake amekikosa. Usharika unaojivunia usahihi wa mafundisho unahitaji kuisikia barua ya Efeso. Unaojivunia ukarimu wake unahitaji kuisikia ya Thiatira. Smirna nayo ni maskini aliye tajiri, na Laodikia ni tajiri aliye maskini. Anayesoma barua moja tu hawezi kuuona ulinganifu huu.

Sasa tuisogelee Laodikia yenyewe. Mji huu, karibu na Denizli ya leo, ulibomolewa na tetemeko la ardhi mwaka 60 BK, na mwanahistoria Mrumi Tacitus anaeleza kwamba ulijiinua kwa mali yake bila msaada wa Roma. Sufu yake nyeusi ilisifika, na jirani yake palikuwa na shule ya utabibu. Katika barua hii kanisa linapewa nafasi ya kunukuliwa likijisifu: ni tajiri, limejitajirisha, halihitaji kitu. Madai hayo matatu yanajibiwa kwa sifa tano mbaya, kutoka unyonge hadi uchi. Kisha wanashauriwa kununua vitu vitatu: dhahabu kwa ajili ya umaskini, mavazi meupe kwa ajili ya uchi, dawa ya macho kwa ajili ya upofu. Wafanyabiashara wanasemeshwa kwa lugha ya soko lao. Lakini kati ya zile sifa tano, mbili za kwanza, unyonge na hali ya kuhurumiwa, hazikupewa bidhaa yoyote. Mimi nasoma jibu lake katika aya inayofuata, ambapo msemaji anaeleza kwamba anawakemea kwa kuwa anawapenda.

Hata lile vuguvugu linahitaji kusomwa pamoja na mahali pake. Hierapoli, ng'ambo ya bonde, ilikuwa na chemchemi za maji moto. Kolosai ilijulikana kwa maji baridi. Maji moto huponya na maji baridi huburudisha. Kwa hiyo ubaridi katika aya inayolilaumu kanisa kwa kutokuwa baridi wala moto si lazima uwe ukafiri. Lawama ni kwamba kanisa halimponyi mgonjwa wala halimburudishi aliyechoka. Kipimo hiki hakiridhiki na kelele za mkesha. Kinauliza nani amepata nafuu kwa sababu kanisa lipo.

Fani inafika kileleni kwenye mlango. Katika barua ya Filadelfia, Kristo anajitambulisha kuwa mwenye ufunguo wa Daudi: akifungua hakuna wa kufunga, akifunga hakuna wa kufungua. Barua inayofuata inamkuta amesimama nje ya mlango wa Laodikia, anabisha. Mwenye ufunguo hautumii. Anangoja afunguliwe ili aingie wale pamoja. Na kanisa lililonyimwa sifa ndilo linaloahidiwa kiti pamoja naye katika kiti chake cha enzi, ahadi iliyo karibu naye kuliko zote saba.

Msomaji anaweza kupinga kwamba barua hizi zina maneno mazito mno, hasa dhidi ya yule mwalimu wa Thiatira, mwanamke anayeitwa Yezebeli. Ni kweli, na uzito huo usipunguzwe. Lakini hata yeye inasemwa alipewa muda wa kutubu kabla ya adhabu kutajwa.

Barua zote saba zina aya 51 tu. Zinasomeka kwa sauti katika ibada moja, na ndivyo ningependa kila usharika ufanye kabla ya mhubiri kupanda mimbarani kuwakemea waliopoa. Anayezisikia zote atakutana na kosa lake kabla hajamaliza kuhesabu ya wengine, na ataona kwamba hakuna barua hata moja iliyofungwa bila ahadi. Onyo lisilomgusa anayelitoa, na lisilomwachia anayeonywa tumaini, limeiacha fani hii. Na likiiacha, haliwezi kudai kwamba limeubeba ujumbe wake.